Namna ya Kumfundisha Mtoto wa Chekechea Kuwajibika, Kuanzia Mtungi wa Darasani

Nimefundisha darasa la awali hapa Tanga mjini kwa miaka mingi, na kila Januari wazazi wakija kuandikisha watoto huniambia neno lile lile: "Mwalimu, huyu nakuachia, mfundishe adabu." Nikiwauliza adabu gani, wengi hujibu kwamba awe msikivu, asimjibu mkubwa, akiambiwa kaa akae. Hayo yana mahali pake. Lakini nimewahi kuwa na watoto wasikivu mno ambao nikitoka nje dakika tatu tu, darasa linageuka mnada wa samaki. Nimewahi pia kuwa na mtoto mbishi, wa kupinga kila kitu hadi rangi ya chaki, ambaye hata siku moja hakusahau kufunika mtungi wa maji zamu yake ilipofika. Huyo mbishi ndiye aliyenifumbua macho. Mtoto mtiifu anahitaji aliyemtuma awepo. Mtoto anayewajibika anafanya hata usipokuwepo, kwa sababu anajua kuna mwenzake anayekitegemea kile alichoachiwa.

Haya ninayoandika ni kwa walimu wa awali, kwa wanaoendesha vituo vya kulelea watoto mchana, na kwa wazazi wenye mtoto wa miaka mitatu hadi sita. Vifaa vyake vingi viko jikoni kwako. Kitakachokuuma ni muda, hasa wiki tatu za mwanzo, ambapo kila jambo litakwenda polepole kuliko ungelifanya mwenyewe.

Hatua ya kwanza: tafuta kazi za kweli

Walimu wengi huanza na wimbo wa usafi au bango la sheria ukutani. Mtoto wa miaka minne hasomi bango, na wimbo anauimba huku amekanyaga ganda la ndizi. Anza na kazi, na kazi yenyewe iwe ya kweli, yaani isipofanywa wenzake waone pengo. Kupanga vizibo vya soda kwa rangi ni zoezi zuri la hesabu, lakini visipopangwa hakuna anayekosa kitu, kwa hiyo usiuite wajibu.

Darasani kwetu kazi zilizodumu ni hizi. Mwenye mtungi huhakikisha mtungi wa maji ya kunywa umefunikwa, kata imetundikwa mahali pake na vikombe vimeinamishwa. Wenye mkeka ni wawili. Hutandika asubuhi na kukunja mchana. Mwenye mlango humpokea mgeni, humwamkia na kumwonyesha pa kukaa. Wapo wenye vikombe vya uji, mwenye sabuni, na mwenye bustani, ambaye humwagilia mchicha kwa kopo kila asubuhi kabla jua halijawa kali.

Nisimulie la mtungi, maana ndilo lililonifundisha namna ya kuchagua. Siku moja mwenye mtungi, binti wa miaka mitano, alivutwa na mchezo wa rede akaacha mtungi wazi. Tuliporudi ndani tulikuta majani ya mwarobaini yanaelea na mende mmoja anapiga makasia. Watoto wakaja na vikombe vyao, wakachungulia, wakanitazama. Sikumgombeza mtu. Nilisema tu, "Maji haya hayanyweki. Tufanyeje?" Tukayamwaga kwenye mchicha, tukasuuza mtungi, tukajaza upya. Kama dakika kumi hivi darasa zima lilikaa na kiu, na yule binti akaishika kata muda wote kama anayelinda benki. Wiki hiyo hakuna aliyelazimika kumkumbusha.

Angalia kwamba kiu ya dakika kumi haimdhuru mtoto, na ofisini nilikuwa na dumu la akiba. Ndicho kipimo changu hadi leo: kazi ikikosewa ifinye kidogo, isiumize. Kwa hiyo mtoto wa umri huu haachiwi dawa, moto, kisima, geti la barabarani, wala kumbeba mdogo wake mgongoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 15, inataja kwamba mtoto naye ana wajibu: kujenga mshikamano wa familia, kuheshimu wazazi, walezi na wakubwa, kuitumikia jamii yake. Lakini utumishi huo inaufunga kwa umri na uwezo wake, na sheria hiyo hiyo inakataza kumpa mtoto kazi inayodhuru afya, masomo au makuzi yake. Mwalimu anayewatuma watoto wa awali kuchota maji ya nyumba yake asijifiche nyuma ya neno wajibu.

Kuhusu umri, wa miaka mitatu anaweza kuweka ndara zake kwenye mstari, kutundika mkoba, kufuta maji aliyomwaga na kurudisha kikombe. Wa minne anafagia sehemu ndogo, anagawa sahani akihesabu vichwa, ananawa bila kusimamiwa. Wa mitano na sita anaweza kushika kazi ya wiki nzima na kumwelekeza mdogo. Watoto hawalingani, na umekuwepo mwaka ambao mtoto wangu wa miaka mitatu alikunja mkeka vizuri kuliko wote.

Hatua ya pili: shusha vitu

Piga magoti uzunguke darasa lako au nyumba yako ukiwa katika kimo hicho. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona aibu. Misumari ya mikoba ilikuwa juu kwa kimo cha mwalimu, sabuni imefungiwa kabatini isipotee, vikombe juu ya rafu. Kila kitu kilimlazimisha mtoto aseme "Mwalimu, naomba." Atawajibikaje kwa kitu asichokifikia?

Fagio la chelewa linafaa sana kwa kazi hii. Ukilifungua na kulifunga upya unapata mafagio mawili membamba yanayoenea mkono wa mtoto. Kata ya kifuu weka mpini mrefu kidogo ili vidole visiguse maji. Tambara la kufutia lining'inie mahali pamoja kila siku, upande wa chini, mtoto alifikie kabla hajatafuta mtu wa kumlaumu.

Kwa kunawa, tengeneza kibuyu chirizi. Wengi wanakijua, lakini huwa kinatengenezwa vibaya na kuachwa kikauke. Chukua dumu la lita 5. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande ulio mkabala na mkono wa dumu, sentimeta 12 hivi chini ya mdomo. Pitisha mti kwenye mkono wa dumu, uegeshe juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu (ya mkonge, sisi wa Tanga tusiifuate mbali), ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kinacholala chini, ambacho ndicho kanyagio. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika, mikono haigusi chochote. Jaza maji yasifikie tundu, la sivyo yatavuja mchana kutwa. Sabuni itoboe katikati, uitundike kwa kamba ndani ya kipande cha wavu kuukuu. Chini mwaga kokoto pasiwe na tope wala madimbwi ya mbu. Kosa kubwa ninaloliona ni kimo: tundu lifike kifuani mwa mtoto wako wa wastani. Likiwa juu zaidi, maji yanaingia mikononi hadi kwapani, na mtoto ataanza kukikwepa.

Kikishasimama, kimkabidhi mwenye sabuni. Kila asubuhi anakwenda kutazama vitu viwili tu, kama maji yamo na kama sabuni ipo, kisha anakuja kukuambia. Anapokuambia, acha unachofanya uende. Ukimjibu "nitaangalia baadaye" mara tatu, ya nne hatakuja.

Hatua ya tatu: onyesha ukiwa kimya

Hapa walimu tunakosea kwa sababu tunapenda kusema. Mtoto mdogo akitakiwa kukusikiliza na kukutazama kwa pamoja, kimoja kinampita. Ukifundisha kufagia, nyamaza. Chora duara la chaki sakafuni. Shika fagio polepole, vuta taka kutoka pembeni kuelekea kwenye duara, simama, angalia nyuma kama umeacha kitu, rudi. Taka zote zikishaingia kwenye duara, zoa. Kisha mpe fagio. Bila duara mtoto anazungusha vumbi chumba kizima na kudhani amefagia.

Mbinu kama hizi wengi wanaziona ni za shule za ada kubwa. Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Walishika mafagio na mabeseni ya kweli, ya saizi yao. Na kabla ya kusikia habari zake, mimi nilikwishaziona kwa bibi yangu, aliyenikalisha karibu na mbuzi ya nazi akanipa kifuu changu kidogo. Hakuniambia neno. Nilikuwa nakusanya machicha yaliyoruka, nikajiona mpishi.

Mara ya kwanza fanya wewe yeye akitazama, mara ya pili fanyeni wote, mara ya tatu mwache. Akimaliza vibaya, usirudie kazi yake mbele ya macho yake. Ukiukunjua mkeka aliokunja kombo na kuukunja upya, umemwambia kwamba alichofanya hakikuwa kazi. Uache kombo leo. Kesho onyesha tena.

Hatua ya nne: zamu iwe ya wiki, na ionekane

Zamu ya siku moja haitoshi, maana mtoto anaamka siku ya pili kazi si yake tena, hajapata kusahau wala kukumbuka. Ya mwezi inachosha. Wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa, imetufaa.

Kwa kuwa hawajui kusoma, tumia picha. Kata maboksi vipande, chora fagio, mtungi, mlango, mkeka, sabuni. Kila mtoto awe na alama yake, labda samaki, nazi, ngalawa, baiskeli, nyota, na alama hiyo ndiyo inabandikwa chini ya picha ya kazi. Jumatatu asubuhi tunakaa mkekani na kukabidhiana. Wa zamani anamshika mkono mpya, anampeleka hadi mahali pa kazi, anamwonyesha. Makabidhiano haya yasirukwe hata kama mmechelewa. Hapo ndipo mtoto anapoona kwamba kazi ilikuwa ya mtu, sasa ni yake, na kesho itakuwa ya mwingine.

Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nimewahi kuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Ukiwa na darasa kubwa usibuni kazi za uongo ili kila mtoto apate. Wape wawili wawili au watatu, na wengine wapumzike wiki hiyo. Wiki ya kupumzika nayo wanaifurahia.

Hatua ya tano: akikosea, atengeneze

Uji umemwagika. Mtoto anakutazama usoni kujua kitakachofuata. Sema, "Umemwagika. Tambara liko wapi?" Maneno manne matano, yamekwisha. Atakwenda kulichukua, atafuta vibaya, utamsaidia kona iliyobaki. Ukianza na "Nilikwambia mimi, wewe husikii," anajifunza kuficha, na uji utaukuta umefunikwa na mkeka.

Kwa aliyemuumiza mwenzake ni hivyo hivyo, ila hapa tuna ugonjwa wetu wa kulazimisha "Sema samahani!" Mtoto anasema samahani akitazama ukuta, na wewe unaridhika. Mimi nafuata njia hii. Kwanza nawasimamisha, naketi nilingane nao kimo. Namwambia aliyeumiza amtazame mwenzake usoni, aniambie anaona nini. "Analia." Kisha namuuliza aliyeumizwa, "Unataka nini ili ujisikie vizuri?" Majibu yao yatakushangaza. Mmoja aliyechaniwa picha alitaka ashikiwe karatasi nyingine ili ichorwe upya, na aliyechana akaishika karatasi hiyo ncha zote mbili dakika tano nzima asiachie. Mwingine aliyesukumwa alitaka apulizwe goti. Aliyekosa akishatenda hilo, samahani inakuja yenyewe mara nyingi, na isipokuja siidai.

Ugomvi wa kugombea vitu una dawa rahisi. Tulikuwa na matairi mawili ya baiskeli ya kukimbiza uwanjani, na Tanga hii hakuna mtoto asiyetaka tairi. Toboa kopo tundu dogo chini, lijaze maji, litundike. Maji yakiisha, zamu imekwisha, wala si mwalimu aliyeamua. Tangu tuweke kopo sijaitwa tena kuamua kesi ya tairi, na watoto wenyewe wakagundua kwamba anayeziba tundu kwa kidole anawaibia wenzake muda. Walimkemea wao, si mimi.

Fimbo na pipi

Fimbo kwa mtoto wa awali siikubali, na nasema hivi nikijua wapo wanaoheshimika wasiokubaliana nami. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, tukadhani kukunja ni kuchapa. Mwulize mvuvi: samaki mbichi anakunjika kwa mkono mwepesi, ukimpiga anapondeka. Darasa lenye fimbo lina watoto wanaotazama mlango. Mwalimu akitoka wajibu umetoka naye.

Pipi nazo zina madhara yake, japo zinaonekana za upendo. Watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig huko Ujerumani, walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka bila kuombwa wala kulipwa. Mwaka 2008 wakawapa zawadi baadhi ya watoto wa miezi 20 kila waliposaidia. Zawadi zilipoondolewa, wale waliozoea kupewa wakasaidia mara chache kuliko ambao hawakuwahi kupewa kitu. Yaani mtoto anakuja na hamu ya kusaidia, nasi tunaigeuza kuwa biashara. Badala ya pipi mwonyeshe kilichotokea: "Umefunika mtungi, wenzako wote wamekunywa maji safi." Mwache aone wanavyokunywa.

Hatua ya sita: mpe kila mtoto mwenza

Hadi hapa mtoto ana kitu. Sasa mpe mtu. Mwanzoni mwa muhula ninawaunganisha wawili wawili, wa miaka mitano na wa minne, mkimya na msemaji, wa Makorora na wa Mabawa. Kazi ya mwenza ni tatu: kumshika mkono tukivuka barabara, kumngoja anaponawa, na kujua kama amekuja shule.

Tukitoka kwenda sokoni Mgandini au kutembea mitaa ya Ngamiani, yenye barabara zilizopewa namba, kila mtu na mwenza wake. Bodaboda, bajaji na baiskeli zinapita pande zote, kwa hiyo kanuni ni moja, tunasimama ukingoni, tunatazama, mkono hauachwi. Chukua watu wazima wa kutosha, wawili hawatoshi kwa watoto ishirini. Mtoto asiye na subira kabisa, nimemwona akisimama kama mlingoti kwa sababu ameshika mkono wa mdogo.

La mahudhurio ndilo ninalolithamini zaidi. Asubuhi siiti majina, nauliza, "Mwenza wako yuko wapi?" Mwaka mmoja mtoto alikuwa akijibu "hayupo" siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaongeza, "Twende kwao." Tulikwenda mchana baada ya masomo. Mwenza wake alikuwa na homa, mama yake amejifungua juzi, hakuna wa kumpeleka hospitali. Jirani mmoja alimpeleka Bombo alasiri hiyo. Mimi mwenyewe ningengoja wiki iishe.

Kutumwa

Pwani mtoto anayesifiwa ni anayetumika: ukimtuma anakwenda, anarudi, na chenji iko sawa. Sioni sababu ya kuacha urithi huu. Katika kutumwa kuna kukumbuka ujumbe, kusalimia, kungoja, kurudi na jibu. Ufundishe kwa ngazi. Kwanza ndani ya darasa: "Nenda kwa mwenzako, mwambie mwalimu anaomba chaki nyekundu." Baadaye darasa la jirani: abishe hodi, angoje karibu, aseme shikamoo, atoe ujumbe, arudi na jibu. Akisahau ujumbe njiani asirudishwe kwa kuchekwa. Mwambie arudi mwenyewe kuuliza tena, maana kujua umesahau na kurudi ni nusu ya kazi. Dukani asitumwe peke yake kama kuna barabara ya kuvuka, hata kama wewe ulikuwa ukitumwa ukiwa na umri wake. Wakati wako hapakuwa na bodaboda.

Lakini mtoto anayetumika kwa yeyote yuko hatarini, na hapa nawasihi wazazi wenzangu. Mfundishe nani anaruhusiwa kumtuma, uwataje kwa majina: mama, baba, bibi, shangazi fulani, mwalimu. Mwingine yeyote akimtuma au kumwita, jibu ni moja, "Ngoja nimuulize mama," na mguu unageuka. Mjaribu kwa mchezo hadi aseme bila kusita, hata kwa mtu mzima mwenye heshima. Mfundishe pia kwamba hakuna mkubwa anayeweza kumtuma jambo la siri linalohusu mwili wake, na akiambiwa asiseme, ndilo la kusema. Namba ya huduma ya simu kwa mtoto, 116, ni ya bure, ibandike mlangoni.

Hadithi za jioni

Neno fupi tu. Tukisema paukwa na watoto wakaitikia pakawa, nyingi ya hadithi zetu ni za Sungura kumlaghai Fisi. Zisimulie, ni zetu na ni tamu. Ukimaliza uliza swali moja: "Nani alibaki na njaa?" Usitoe jibu.

Nyumbani, na kikao cha wazazi

Itisha kikao mapema, kabla mtoto hajarudi nyumbani akisema amefagia. Utakutana na pingamizi mbili. Ya kwanza: "Nimelipa ada asome, si afagie." Jibu kwa utulivu. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016, uliotumika kabla ya mtaala mpya wa 2023, ulikuwa na umahiri wa kuhusiana, wa kutunza afya na wa kutunza mazingira kando ya hesabu na mawasiliano. Hayo ndiyo masomo yenyewe. Kisha mwonyeshe mzazi duara la chaki, umwombe ajaribu yeye.

Ya pili huja kwa sauti ya chini zaidi, kwamba mtoto wa kiume hafagii wala haoshi vikombe. Baba mmoja alisema hivyo kikaoni kwetu, na kabla sijafungua mdomo mzee wa pembeni, mvuvi wa maisha yake yote, akamuuliza, "Dago nani anatupikia?" Wavuvi wakienda dago wanakaa siku nyingi visiwani, wanapika, wanaosha vyombo, wanashona wavu wenyewe. Baba yule alicheka, na mwanawe alikuwa mwenye vikombe wiki iliyofuata.

Waombe wazazi kazi moja tu ya nyumbani, si tano. Kuweka ndara za familia mlangoni zikitazama nje, kumpelekea bibi maji ya kunawa kabla ya kula, kulisha kuku. Kama kuna dada wa kazi, ongea naye moja kwa moja na kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mtoto na ndiye atakayeona kazi inamchelewesha. Mwambie asiimalize kimyakimya mtoto akisahau. Bibi akingoja maji, angoje, na mjukuu amwone akingoja.

Tukienda ufukweni Raskazone, kila mtoto ana mfuko wake wa kitambaa, anarudi na taka zake mwenyewe. Siwaambii waokote taka za pwani nzima, kuna chupa zilizovunjika na sindano. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya karanga na ubuyu bado viko mikononi mwao, na kila mmoja anajua cha kwake.

Kujua kama inashika

Usitoe alama. Weka daftari, andika mstari mmoja kwa mtoto kila wiki: nini amefanya bila kuambiwa. Wiki za mwanzo mistari mingi itakuwa mitupu, iache mitupu. Mara moja kwa wiki toka nje dakika mbili (mwenzako abaki akiwaona kwa dirishani), kisha urudi utazame mtungi, mkeka na nyuso. Nikikuta kitu hakikufanywa sisemi lolote hapo hapo, naandika, na Jumatatu ijayo kazi ile naionyesha tena polepole, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni kujua namna, wala si moyo.

Muhula mpya ukianza, watoto wapya watakuja wakilia mlangoni. Usikimbilie kuwaonyesha darasa. Mpe kila mpya mwenza mmoja wa zamani, huyo ndiye amwonyeshe msumari wa mkoba, kanyagio la kibuyu chirizi, na mahali tambara linapokaa. Wewe keti mkekani na daftari lako.